Barua Iliyoandikiwa Jina la Zamani

Nchini Kenya kuna kampuni ya simu iliyobadili jina mara tatu ndani ya miaka kumi. Ilianza mwaka 2000 ikiitwa KenCell, mwaka 2004 ikawa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Watanzania na Waganda nao waliziona Celtel, Zain na Airtel zikipokezana, na mwishoni mwa 2024 Watanzania wakashuhudia tena jambo kama hilo Tigo ilipogeuka Yas. Wateja huona mabango yakibanduliwa, sare mpya na rangi mpya. Wasichokiona ni kazi ya chumba cha seva. Kampuni ikibadili jina, kwa kawaida hubadili na anwani za barua pepe, ilhali za zamani zimekwishachapwa kwenye kadi za biashara, mikataba, ankara na hati za zabuni ambazo hakuna awezaye kuzikusanya zote.

Mteja aliyetunza kadi ya miaka sita iliyopita hana habari na mabango. Anaandika kwa anwani aliyonayo. Je, barua hiyo itamrudia, itapotea njiani, au itamfikia yule yule aliyemkusudia?

Jibu hutegemea mistari michache ndani ya faili ambalo watu wawili watatu tu ofisini wanajua liliko. Mafundi huiita kazi hiyo kuandika upya anwani ya mpokeaji. Seva hupokea barua iliyoandikiwa anwani moja, hutazama jedwali, hukuta kwamba anwani hiyo sasa ina mbadala, huibadilisha, kisha huendelea na safari. Mtumaji haambiwi kitu. Ni kazi ndogo kwa macho, lakini anayelishika jedwali hilo ndiye anayeamua barua za watu zisomwe na nani. Akikosea mstari mmoja, barua zinaweza kupotea kimya kimya, na huenda asilalamike mtu, maana anayesubiri jibu hudhani amepuuzwa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba barua pepe moja hubeba anwani ya mpokeaji mahali pawili. Kanuni za seva kupelekeana barua, ziitwazo SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na toleo linalofuatwa sasa ni la mwaka 2008. Seva mbili zikikutana huzungumza kwa amri fupi fupi. Inayotuma hujitambulisha, ikamtaja mtumaji kwa amri ya MAIL FROM, kisha mpokeaji kwa amri ya RCPT TO. Ikikubaliwa, hutamka DATA na kuimimina barua yenyewe pamoja na mistari ya juu ambayo msomaji huiona kwenye simu yake: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inahusu nini. Anwani iliyotajwa katika RCPT TO ndiyo bahasha. Ile inayosomeka juu ya barua ni kichwa tu, na kwa kawaida seva haishughuliki nayo inapoamua pa kuipeleka barua.

Aliyesoma shule ya bweni Afrika Mashariki anaijua hali hiyo. Barua zote za shule zilifika kwenye S.L.P. moja mjini, za mwalimu mkuu, za mhasibu na za wanafunzi, na karani ndiye aliyejua ipi iende bweni gani. Jina ndani ya barua halikumsaidia karani, alisoma bahasha. Akiandika juu yake kwa kalamu kwamba mwanafunzi huyu amehamia shule nyingine, bahasha ilirudi posta na kuendelea na safari, na barua ndani ikabaki kama ilivyoandikwa.

Utengano huo wa bahasha na kichwa ndio unaofanya nakala ya siri, ile BCC, iwezekane. Jina la mtu wa tatu huwa kwenye bahasha tu, halimo kwenye kichwa. Na ndio unaoeleza kwa nini mtu huweza kupokea barua ambayo jina lake halionekani popote juu yake.

Uandishi huu wa upya haukubuniwa kwa ajili ya kampuni zinazobadili majina. Mwaka 1971, Ray Tomlinson alipotuma barua kati ya kompyuta mbili huko Cambridge, Massachusetts, na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine, mtandao wa ARPANET ulikuwa mdogo na mambo yalikuwa mepesi. Kufikia mwisho wa muongo huo, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikuwa kimeungana na mitandao kadhaa isiyoelewana. ARPANET iliandika mtu@mashine. UUCP iliandika mashine!mtu, na mara nyingi njia nzima ya kupitia mashine kadhaa, moja baada ya nyingine, zikitenganishwa kwa alama za mshangao. Berknet, mtandao wa ndani ya chuo, uliandika mashine:mtu. Mwaka 1979 Eric Allman aliandika programu ya kupitisha barua baina ya mitandao hiyo, akaiita delivermail. Baadaye akaikuza ikawa Sendmail, iliyotoka pamoja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Sendmail ilisimama juu ya kanuni za kuandika anwani upya: anwani iliingia kwa sarufi ya mtandao mmoja ikatoka kwa sarufi ya mtandao mwingine. Faili lake la usanidi likapata sifa ya kuwatoa mafundi jasho, na sifa hiyo ilikuwa ya haki.

Mitandao ile imekufa, alama ya @ imeshinda, lakini desturi ya kuandika upya imebaki. Kati ya programu zinazotumika zaidi leo ni Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1995, na Postfix, ambayo Wietse Venema, mwanasayansi kutoka Uholanzi, aliiandika akiwa kituo cha utafiti cha IBM na kuitoa kwa umma mwaka 1998. Mwenye biashara ndogo anayekodi nafasi kwenye seva yenye cPanel, programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari, anatumia Exim bila kujua. Akifungua sehemu iitwayo Forwarders na kujaza anwani mbili, hatua hiyo huandika mstari katika faili moja ndani ya saraka ya /etc/valiases. Anayeendesha seva yake mwenyewe kwa Postfix huuandika mstari huo kwa mkono, na hapo ndipo kazi inapoonekana vizuri.

Tuseme duka la spea lilikuwa na kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata @, cha spea.example, na sasa limejiita jina jipya na kikoa chake ni vipuri.example. Majina yanayoishia na .example yalitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano ya namna hii, kwa hiyo hakuna mtu atakayesumbuliwa msomaji akiyajaribu. Kwenye faili kuu la Postfix, liitwalo main.cf, fundi huandika:

virtual_alias_domains = spea.example
virtual_alias_maps = hash:/etc/postfix/virtual

Mstari wa kwanza unasema kwamba kikoa cha zamani hakina masanduku yake tena, kina lakabu tu. Wa pili unaonyesha jedwali liliko. Ndani ya jedwali hilo, kushoto ni anwani inayokuja, kulia ni inakopelekwa:

asha@spea.example  asha@vipuri.example
mauzo@spea.example  asha@vipuri.example, juma@vipuri.example
malipo@spea.example  mhasibu@vipuri.example

Mstari wa pili wa jedwali ndio unaopendwa na wenye maduka, kwa kuwa barua moja ya mteja huwafikia wauzaji wawili, Asha na Juma. Postfix haisomi maandishi hayo moja kwa moja. Husoma nakala iliyofumwa kwa ajili ya mashine, inayotengenezwa kwa amri ya postmap /etc/postfix/virtual. Makosa mengi huanzia hapo. Fundi anabadili jedwali, anahifadhi, anaondoka, naye amesahau postmap, na seva inaendelea kutumia nakala ya jana. Ni kweli kwamba Postfix huandika onyo kwenye logi, yaani daftari la kumbukumbu za seva, kuwa nakala ni ya zamani kuliko maandishi, ila logi haina mdomo wa kumwita mtu. Mistari ya main.cf nayo ikibadilishwa, huhitaji amri ya postfix reload.

Kosa jingine la kila siku ni kukitaja kikoa kimoja mahali pawili. Postfix ina orodha iitwayo mydestination, ya vikoa ambavyo watumiaji wake wanaishi kwenye seva hiyo hiyo. Kikoa kikiwa kwenye orodha hiyo na pia kwenye virtual_alias_domains, seva inakuwa imepewa maagizo mawili yanayogongana. Hulalamika kwenye logi, na barua zinaweza kushughulikiwa kwa namna ambayo fundi hakuikusudia.

Kabla ya kumwambia bosi kwamba kazi imekwisha, fundi makini huuliza jedwali lenyewe. Amri ya postmap -q mauzo@spea.example hash:/etc/postfix/virtual hujibu kwa anwani za kulia, au hukaa kimya kama hakuna mstari unaolingana. Kisha hutuma barua ya kweli kutoka nje na kufungua logi. Pale Postfix huandika anwani zote mbili kwenye mstari mmoja, mpya ikiwa mbele ya neno to na ya zamani mbele ya orig_to. Mstari huo ni ushahidi mzuri siku mteja akisema aliandika na hakujibiwa.

Hadi hapo bahasha tu ndiyo iliyoguswa. Asha akiifungua barua ataona bado imeandikiwa mauzo@spea.example, na hiyo ni faida, kwa sababu anajua mteja alipitia mlango upi. Postfix ina jedwali jingine, recipient_canonical_maps, linaloweza kubadili bahasha na kichwa pia. Wapo wanaolikimbilia kwa kupenda usafi, ili jina la zamani lisionekane kabisa. Ni uamuzi mbaya kwa barua zinazoingia kutoka nje. Nyingi kati yake hubeba saini ya kidijitali iitwayo DKIM, na mstari wa mpokeaji kwa kawaida ni sehemu ya kilichosainiwa. Ukibadilishwa, saini huvunjika, na barua halali huanza kufanana na ya kughushi. Tangu toleo la 2.2, Postfix yenyewe haigusi vichwa vya barua za wageni isipokuwa iamriwe waziwazi. Anayeamuru awe na sababu nzito kuliko urembo.

Mteja atakapojibiwa, hata hivyo, ataona jina jipya. Aliandika kwa mauzo, amejibiwa na Asha kutoka kikoa asichokijua, na katika nchi ambazo utapeli wa mtandaoni ni habari ya kila siku ana haki ya kusita. Duka lenye busara humpangia Asha kujibu kwa anwani ya mauzo ya kikoa kipya, na huweka mstari mmoja chini ya barua unaotaja jina la zamani kwa miezi ya mwanzo.

Njia ya pili, badala ya kuandika upya, ni kukataa kwa adabu. Jedwali la relocated_maps huifanya seva imrudishie mtumaji barua na kumwambia kwamba aliyemwandikia amehama, pamoja na anwani mpya. Kwa mfanyakazi aliyeondoka hiyo ndiyo njia ya uaminifu zaidi, kwani mtumaji huamua mwenyewe kama barua yake ilimhusu mtu au ilihusu ofisi. Tatizo ni kwamba anwani mpya humfikia kila anayeuliza, wakiwemo watuma barua taka.

Kisha kuna mstari unaowavuta wavivu. Badala ya kuorodhesha watu hamsini, fundi huandika:

@spea.example  ofisi@vipuri.example

Maana yake ni kwamba chochote kilicho mbele ya alama ya @, kipo au hakipo, kitapokelewa. Postfix hutafuta kwanza anwani kamili, na huufikia mstari huo mwisho kabisa, kwa hiyo mistari mahususi haiathiriki. Lakini watuma barua taka hubuni majina kwa maelfu, na kila jina walilobuni sasa lina mlango uliofunguliwa. Sanduku la ofisi hufurika ndani ya muda mfupi, na barua ya mteja wa kweli huzama humo humo. Ubaya huzidi pale kulia kunapokuwa na kikoa kizima badala ya sanduku moja. Seva ya mbele hupokea kila kitu, ya nyuma inakataa majina isiyoyajua, na ya mbele hulazimika kuzirudisha barua kwa watumaji ambao anwani zao zilighushiwa. Duka linakuwa linawapelekea taka watu wasiohusika, na baada ya muda anwani yake ya intaneti huingizwa kwenye orodha za wanaozuiwa.

Nguvu ya kupokea kila jina ilionekana mwaka 2023. Herufi .mil ni za vikoa vya jeshi la Marekani; .ml ni za nchi ya Mali. Mfanyabiashara wa Kiholanzi, Johannes Zuurbier, ambaye alikuwa na mkataba wa kuendesha vikoa vya Mali, aligundua kwamba kompyuta za dunia nzima zilikuwa zikiulizia majina yasiyokuwepo, kama army.ml na navy.ml. Akaweka mfumo wa kuzidaka barua zilizoandikiwa majina hayo. Gazeti la Financial Times liliripoti mwezi Julai mwaka huo kwamba tangu Januari zilikuwa zimefika karibu 117,000, miongoni mwao zikiwemo taarifa za matibabu, orodha za mabaharia wa meli na ratiba ya safari ya mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali James McConville, kwenda Indonesia. Hakuna seva ya Marekani iliyovunjwa. Watu waliruka herufi moja, na upande wa pili palikuwa na mtu anayepokea kila kitu.

Funzo hilo linagusa moja kwa moja kikoa cha zamani. Uandishi wa upya hufanya kazi mradi kikoa kiendelee kulipiwa. Kikiachwa kiishe muda, mtu yeyote anaweza kukinunua, akaandika mstari ule ule wa kupokea kila jina, na kuanza kusoma ankara, maombi ya kubadili nenosiri na barua za wanasheria. Ada ya mwaka ya kikoa ni ndogo sana ukiilinganisha na hasara hiyo. Kampuni inayobadili jina ingefaa kuihesabu ada ya kikoa cha zamani kama kodi ya pango, si kama gharama ya kupunguzwa.

Na wakati mwingine hata mwenye nia ya kulipa hana la kufanya. Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwezi Mei 1997, herufi zake za .zr zilipewa mrithi, .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa kwenye daftari kuu la majina ya intaneti. Tangu hapo hakuna jedwali lolote, Kinshasa wala Lubumbashi, linaloweza kuiokoa barua iliyoandikiwa anwani ya .zr, kwa sababu seva inayotuma haipati hata mahali pa kuanzia kuuliza.

Barua inapoelekezwa nje ya seva yako, kwa mfano kutoka mauzo@spea.example kwenda kwenye sanduku la Gmail la mwenye duka, tatizo jipya huzaliwa. Kila kikoa kinaweza kutangaza, kwa utaratibu uitwao SPF, ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Gmail inaona barua imetoka kwa mteja lakini imeletwa na seva ya duka, ambayo haimo kwenye orodha ya mteja. Dawa yake ni kuandika upya na anwani ya mtumaji kwenye bahasha, utaratibu uitwao SRS, ili seva ya duka isimame kwa jina lake yenyewe. Saini ya DKIM ya mteja huendelea kuthibitisha kuwa barua haikuchezewa, mradi kichwa na mwili havikuguswa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya uthibitisho kwa watumaji, na wafanyabiashara waliozoea kuelekeza barua kiholela wameanza kuziona zikiangukia kwenye taka.

Liko pia suala la haki za watu. Mfanyakazi akiacha kazi, mameneja wengi huagiza barua zake zote zielekezwe kwao. Jedwali litatii, na mtumaji hatajua kwamba aliyemwandikia si yeye anayesoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ofisi inayotaka kufanya hivyo ingeandika kwanza nani atasoma, kwa sababu gani na hadi lini, kisha ifute mstari huo siku iliyopangwa. Anwani za kazi, kama mauzo na malipo, hupunguza mgogoro huu tangu mwanzo: mtu akiondoka, kinachobadilika ni upande wa kulia wa jedwali tu.

Kati ya anwani zote kuna moja ambayo kanuni za SMTP haziruhusu kuisahau. Kila kikoa kinachopokea barua sharti kipokee na za postmaster, ambako wasimamizi wa seva nyingine huripoti matatizo. Katika ofisi nyingi anwani hiyo ipo kwenye jedwali lakini inaelekea kwa fundi aliyekwishaondoka. Msimamizi wa kikoa chochote atume leo barua kwa postmaster wa kikoa chake, kutoka anwani ya nje, kisha aulize ofisini ni nani aliyeipokea.